Ekseli Tatu za Gokati

Mwezi uliopita mmoja wenu alinipigia simu kutoka karakana ya chuo, akitaka kujua ekseli ya nyuma ya gokati iwe na unene gani. Nilimwambia milimita thelathini. Akasema, "Asante, Madam," akakata. Nikarudi kwa mboga zangu, lakini sikuwa na raha. Namba niliyompa ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba mimi pia nilikuwa na namba hiyo hiyo siku ekseli yangu ilipopasuka huku wageni wamekaa kwenye viti, kwa hiyo najua haitoshi. Sehemu iliyobaki ni ndefu kwa simu, ndiyo maana ninaiandika.

Habari za vyeo nitaziacha. Vyangu vilikuwa vichache, na barua zake ziko kwenye faili ofisini kwa yeyote anayekosa usingizi.

Niliingia karakana ya chuo nikiwa msichana wa Seme mwenye cheti kipya na ovaroli iliyoshonwa kwa kipimo cha mwanamume. Fundi mkuu alikuwa Mzee Swaleh. Babu yake alitoka Pwani wakati wa reli, yeye akazaliwa hapa Kisumu, lakini Kiswahili chake kilibaki kimenyooka. Sisi tuliokua na Dholuo tukianza kuchanganya ngeli mbele yake, alikuwa akifumba macho kama mtu anayeumwa jino. Mashine ya leith, ile inayozungusha chuma kikichongwa, aliiita kerezo, na ukiiita leith hakusikii.

Siku yangu ya kwanza alinipa shafti yenye kutu na vanier, ile rula yenye taya za kubana kitu kinachopimwa, akaniambia nipime unene wake. Kazi ya dakika moja, nikafikiri.

"Thelathini na mbili, Mzee."

"Umepima wapi?"

"Hapa katikati."

"Na pale?"

Nikapima pale. Thelathini na moja na nusu. Akaniambia niigeuze robo, nipime tena. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimepima mahali zaidi ya ishirini, nimejaza ukurasa mzima wa daftari, na nimegundua kwamba kile kitu hakikuwa hata cha mviringo. Mzee Swaleh alitazama ule ukurasa, akaniambia, "Asubuhi ulikuwa umeshika fimbo. Sasa hivi ndiyo umeshika shafti." Kisha akanifundisha kufagia vyuma vilivyonyolewa chini ya kerezo, somo ambalo pia lilikuwa na njia moja tu ya kufanywa.

Nilikaa chini yake miaka mingi. Tulichonga puli za vinu vya posho, bushi za injini za boti, habu za mikokoteni ya punda. Alizungumza kidogo. Akipita nyuma yako na kusimama, ulijua kuna kosa. Akipita moja kwa moja, ulijua halijatokea bado.

Ndipo mkuu wetu wa idara akarudi kutoka mkutano fulani na mpango. Vyuo vya huku kando ya ziwa vingetengeneza gokati, kila kimoja ya kwake, ya kutengenezwa na mikono ya wanafunzi, kisha tushindane siku ya wazi mbele ya wazazi. Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, gokati ni kigari cha mtu mmoja, kiko chini karibu na ardhi, hakina mwili wala springi. Kina fremu, kiti, injini ndogo na magurudumu manne. Kwa kuwa hakina springi, kila kitu ambacho barabara inasema kinasikika kwenye ekseli ya nyuma, na kwa kuwa injini inasukuma hiyo hiyo ekseli, na breki inaishika hiyo hiyo, kosa lolote mtakalofanya litaishia hapo. Wakati ule nililijua hilo kichwani tu.

Nilikabidhiwa kazi hiyo pamoja na darasa la mwaka wa pili. Mzee Swaleh alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na akasema atatutazama kwa mbali.

Ekseli ya kwanza ilikuwa bomba la maji. Naliandika hilo hapa ili lisomeke. Tulikuwa na bomba nene limesimama kwenye kona ya stoo, na tulikuwa na magurudumu manne ya wilibaro, mapya, yamefungwa bado kwenye nailoni. Nilijiambia kwamba gurudumu la wilibaro hubeba saruji siku nzima na halilalamiki, litashindwaje na mtoto wa kilo hamsini? Tukachomea vipande vya chuma kwenye ncha za bomba, tukavalisha magurudumu, tukafunga. Ilipendeza. Wanafunzi waliipaka rangi nyekundu kabla uchomeaji haujapoa.

Dereva wetu alikuwa Beryl Adhiambo wa Pap Onditi, msichana pekee katika darasa lile. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa mwepesi na kwa sababu hakuna mvulana aliyeweza kumshinda kwa kubishana. Tulimjaribu kwenye uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, nyuma ya bweni. Raundi ya kwanza vizuri, ya pili vizuri. Ya tatu akaingia kona kwa kasi zaidi, na gurudumu la nyuma la kulia likalala chini ya gari kama mguu wa kiti kibovu. Gari likabiringika. Beryl alikaa chini kwenye vumbi, ameshika bega, hakulia. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika.

Wilibaro hubeba mzigo unaokandamiza chini tu, wala haikati kona kwa kasi. Gurudumu lake limeshikwa kwenye bushi fupi, kijibomba cha kuzungukia, katikati. Gari likiingia kona linasukuma magurudumu kwa ubavu, na nguvu ile ya ubavu ndiyo iliyolikunja. Nilikuwa nafundisha hesabu hiyo kila mwaka, kwa chaki, ubaoni.

Hospitalini Beryl aliniambia kwa sauti ndogo, "Madam, mwambie baba nilikata kona vibaya. Sema ni mimi."

"Kwa nini niseme hivyo?"

"Akijua ni chuma kilivunjika atasema chuma si kazi ya msichana. Akisikia ni mimi nilikosea, atanigombeza tu, halafu nitarudi."

Mkuu wa idara alisikia habari hiyo akaona ni nzuri. "Kama mtoto mwenyewe anasema hivyo, Madam, wacha ikae hivyo," akaniambia. Na mimi, nikiwa mkweli, nilitembea nayo siku nzima nikiipima. Ilinitosha vizuri kabisa. Jambo lililonishinda ni kwamba siku ya pili Mzee Swaleh alisimama nyuma yangu nikiwa kwenye kerezo, na hakuondoka.

"Sijakosea hapa, Mzee," nikamwambia.

"Hapo hujakosea," akasema.

Kesho yake nilifika Pap Onditi kabla ya saa nne. Babake Beryl, Mzee Okech, nilimkuta akifunga kamba kwenye nira ya ng'ombe wake. Alikuwa amekwisha pata simu ya mkewe aliyekuwa hospitalini, na alikuwa na ile hadithi ya kona. Alinikaribisha kiti, akaniuliza natoka kwa nani, nikamwambia kwetu ni Seme. Kuanzia hapo akaniita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kama ilivyo desturi.

Nikamwambia kwamba mtoto hakukosea. Nikamweleza habari ya wilibaro na bomba, na kwamba mimi ndiye niliyechagua vyote viwili.

Kisha akasimama, akaniashiria nimfuate nyuma ya nyumba, kulikokuwa na mkokoteni wake wa ng'ombe. Akainama, akagonga ekseli kwa kidole.

"Hii ilitoka kwa pikapu iliyokufa. Nimeibebesha mpunga na mchanga mpaka nimechoka mimi. Angalia gurudumu limeshikwa wapi. Beringi moja ndani, beringi moja nje. Mahali pawili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ile ya wilibaro imeshikwa mahali pamoja."

"Ndiyo, Mzee."

"Hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi uliiweka kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu, nikakosa. "Yalikuwa karibu," nikasema.

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Ber," akasema, sawa. "Hilo angalau ni jibu la mtu. Beryl atarudi chuo. Lakini mkitengeneza ingine, Nyar Seme, mtu wa kwanza kuikalia ni wewe."

Nikakubali. Mama Beryl alirudi wakati naondoka. Alinipa viazi vitamu kwenye karatasi, kwa mkono mmoja, na nikavipokea kwa miwili.

Mwaka ule hatukushindana. Tulianza upya, na safari hii nilianza na magurudumu kabla ya kitu kingine chochote. Mkianza na fremu, mtaishia kutafuta magurudumu ya kuingia kwenye fremu, na mtu anayetafuta hivyo huokota la kwanza linalotosha.

Wavulana walitaka magurudumu ya pikipiki kwa sababu yapo kila mahali na yanaonekana vizuri. Nikawauliza pikipiki hukataje kona. Inalala. Kwa hiyo gurudumu lake muda wote linasukumwa kuelekea katikati yake, na zile spoki hazijazoea kusukumwa ubavuni. Tena ni refu, na gurudumu refu ni kama mpini mrefu: nguvu ya ubavu huku chini inapata mahali pazuri pa kushika na kukunja. Beryl, ambaye bado alikuwa na bandeji, ndiye aliyesema tuktuk. Tuktuk hukata kona imesimama, imebeba abiria watatu na gunia, kwa kijana mwenye haraka. Gurudumu lake ni la rimu ya inchi nane, fupi na nene. Tulipata manne kutoka kwa fundi mmoja wa Kibuye, na tukakagua kila rimu kwa kuizungusha mbele ya msumari uliosimama, tukitazama kama pengo linabadilika. Mbili zilikuwa zimepinda. Tukazirudisha, akatupa nyingine bila ubishi, jambo lililonifanya nizikague mara mbili.

Kulikuwa na waliotaka ekseli nzima ya tuktuk pamoja na difu yake. Niliipenda hoja hiyo, maana difu huruhusu gurudumu la nje ya kona kuzunguka haraka kuliko la ndani. Lakini injini yetu ilikuwa ya pampu ya kumwagilia mpunga, na difu ile ingekuwa mzigo wake wa kwanza na wa mwisho. Basi tukabaki na shafti moja inayogeuza magurudumu yote mawili kwa pamoja. Mzee Swaleh, aliyekuwa sasa anatutazama kwa mbali kama hatua tatu hivi, akasema tufunge gurudumu moja tu kwenye shafti na lile lingine tuliache lizunguke peke yake juu ya beringi.

"Mzee, likiwa moja tu litavuta gari upande," Beryl akasema. "Na likiingia kwenye mchanga mlaini linazunguka bure."

"Na yakiwa mawili yaliyofungwa pamoja, binti, kwenye kona moja lazima liteleze."

"Kwenye lami litakataa. Lakini sisi tutakimbia kwenye murram. Murram inaruhusu kuteleza."

Mzee alifikiri. "Basi fungeni yote mawili," akasema, akaenda kunywa chai. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akishindwa, na alionekana kufurahi kuliko siku zote.

Ikabaki shafti yenyewe. Mwanamke mmoja wa Awasi alikuwa na kinu cha posho kilichosimama baada ya jirani yake kupata stima na kinu cha umeme, na shafti yake ilikuwa ya milimita thelathini na tano, imenyooka, imekomaa kwa kazi. Alitupa kwa masharti kwamba tumwondolee na mawe ya kinu pia, ambayo yalitutesa kuliko shafti. Mzee Swaleh aliigusisha kwenye jiwe la kunolea linalozungushwa na mota ili tuone cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Hizi zilikuwa zinapasukapasuka mwishoni, kama maua madogo.

"Kaboni ipo," akasema. "Ni ngumu, ina nguvu, lakini haisamehi. Popote utakapobadilisha unene, acha mviringo. Usiiachie kona kali hata moja."

Nilisikia. Nilichonga ncha zote mbili kutoka thelathini na tano hadi thelathini ili ziingie kwenye beringi, na pale unene unapobadilika panabaki kama kidaraja. Kisu kilichokuwa kwenye mashine kilikuwa cha ncha kali. Cha ncha ya mviringo kilikuwa kwenye droo, hatua sita kutoka niliposimama, na kilihitaji kunolewa. Mzee hakuwapo siku hiyo; alikuwa akishughulikia makaratasi ya kustaafu kwake. Wanafunzi walikuwa wamesimama wakingoja. Nikachonga kwa kile kilichokuwapo. Kidaraja kikatoka kikali, safi, kinang'aa. Niliridhika nacho.

Nililipa deni langu kwa Mzee Okech. Alikuja mwenyewe kutoka Pap Onditi, akasimama kando ya uwanja na mkewe, na mimi nikajipenyeza kwenye kiti nikiwa na ovaroli na kitambaa kichwani. Mimi si mwanamke mwembamba. Nilizunguka raundi tatu, moja yao bila kukusudia, kwa sababu sikupata breki haraka. Nilipotoka, Mama Beryl alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

"Nyar Seme," Mzee Okech akasema, "umekuwa kama mtu anasafirishwa kwa karai. Lakini magurudumu yamesimama. Mtoto aendeshe."

Beryl akafanya mazoezi wiki nyingi. Gari lilikuwa zuri. Lilishika kona, lilisikia breki, na injini ile ya mpunga ilikuwa na roho kuliko tulivyodhani. Mzee Swaleh akastaafu katikati ya majira hayo, akaniachia funguo za stoo na ushauri wa kutomwazima mtu yeyote vanier yake.

Siku ya wazi ilifika. Uwanja ulikuwa upande wa ziwa, mahema yamefungwa, viti vimejaa, redio kubwa ikipiga muziki. Tulikuwa gari namba nne. Beryl aliliendesha polepole kuipasha injini moto, kisha akarudi, akazima, akavua helmeti.

"Madam, kuna kitu kinapiga tik. Nikiachia mafuta tu. Nikikanyaga kinanyamaza."

Nikakagua mnyororo. Nikakagua nati na zile kii, vile vipande vya chuma vinavyofunga gurudumu na shafti yasiteleze. Vyote vimekaza. Mtu mwingine angesema ni mnyororo mpya unajizoeza, na ndivyo mkuu wa idara alivyosema. Mimi nilikwenda kwa mama aliyekuwa akiuza chai nikamwomba mafuta ya taa kidogo kutoka kwenye stovu yake. Nikapaka shafti mafuta yale pande zote, nikangoja, nikaifuta ikauka kabisa. Kisha nikatoa chaki mfukoni nikaipaka juu, nyeupe yote. Mafuta ya taa hupenya popote penye nafasi, hata nafasi ya unywele, na baadaye hurudi nje polepole yakilowesha chaki.

Tulikaa kwenye nyasi tukitazama, mimi na Beryl. Dakika chache baadaye mstari mwembamba wa kijivu ukajitokeza kwenye chaki, pale pale kwenye kidaraja, ukizunguka shafti kama pete iliyokatika.

"Ni nini?" akauliza.

"Ufa."

Mkuu wa idara akaja akiwa na koti na tai. "Madam, wageni wameshakaa. Ni raundi tano tu. Imekimbia wiki zote hizo, itashindwa na raundi tano?"

"Sijui itashindwa na ngapi. Ndiyo maana haitatoka."

"Unajua tutaonekana vipi?"

"Najua."

Akaendelea kusema. Nikachukua nyundo na chuma chembamba, nikagonga kii zote mbili zikatoka, nikazitia mfuko wa ovaroli. Bila kii injini inaweza kunguruma hadi jioni na magurudumu yasisogee. Mkuu akaondoka. Baadaye kidogo kipaza sauti kikatangaza kwamba gari namba nne limejiondoa, na watu wa namba tano wakapiga makofi.

Beryl alikwenda kukaa juu ya tairi la akiba, amenipa mgongo, bado ameshika helmeti. Wanafunzi wengine walitawanyika kwenda kutazama mashindano ya wenzao. Nilibaki peke yangu na gari langu jekundu lililopakwa chaki, na nawaambia kweli, kama kungekuwa na shimo karibu ningeingia. Katika hayo nikaona viatu. Mzee Swaleh alikuwa amekuja na kofia yake nyeupe, mgeni kama wageni wengine. Akachuchumaa kwa shida, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ule mstari.

"Uliacha mviringo?"

"Sikuacha."

"Usiitupe," akasema. "Jumatatu ivunje mbele yao."

Nikafanya hivyo. Nikaifunga shafti kwenye jiliwa, darasa zima limesimama, nikawaeleza habari ya kisu na droo na zile hatua sita, na kwamba ufa huanzia kwenye kona kali, bila kuacha kitu. Kisha nikampa Beryl nyundo kubwa. Aligonga mara tatu. Ya tatu shafti ikakatika safi, kipande kikaanguka sakafuni kikibingirika.

Alikiokota. Sehemu kubwa ya uso wa mvunjiko ilikuwa ya giza, laini, imesuguana siku nyingi. Huo ndio ufa wa zamani, uliokuwa ukitembea kidogo kidogo tangu mazoezi. Sehemu iliyobaki ilikuwa inang'aa, chembechembe kama sukari. Hiyo ndiyo iliyovunjika wakati ule kwa nyundo. Beryl aliweka kidole gumba juu ya sehemu inayong'aa, na kidole kikaifunika karibu yote.

"Imebaki hii tu?"

"Hiyo tu."

"Hii ndiyo ilikuwa inanibeba."

Alikizungusha kile kipande mkononi, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile uwanjani. "Madam, ingine nitachonga mimi," akasema. Hakuwa anaomba ruhusa.

Ekseli ya tatu aliichonga yeye, na mimi nilisimama nimefunga mikono nyuma, kazi ngumu kuliko kuchonga. Tulichagua chuma laini, kipya, cha milimita thelathini mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kubadilisha unene popote, kwa hiyo hapakuwa na kidaraja cha kuogopa. Beringi tulichukua zile zinazokuja ndani ya nyumba yake ya chuma, na pete ya kukaza yenye skrubu, ili zikae popote kwenye shafti iliyonyooka. Tuliziweka karibu kabisa na magurudumu, maana kipande cha shafti kinachoning'inia nje ya beringi ndicho kinachopinda. Mifereji ya kii aliimalizia kwa mviringo, akaisugua kwa msasa mpaka ukipitisha kidole hujui mfereji umeanzia wapi. Mtaniuliza kwa nini chuma laini, wakati kigumu kina nguvu zaidi. Kwa sababu laini hupinda kabla ya kuvunjika. Gari litaanza kutikisika, dereva ataona, atasimama. Kile kigumu hakikuagi.

Mwaka uliofuata Beryl alishika nafasi ya pili. Walioshinda walikuwa na injini ambayo haikutoka kwenye pampu yoyote ninayoijua, lakini hatukulalamika. Mzee Okech alizunguka gari letu mara mbili, akainama, akagonga ekseli kwa kidole kama alivyogonga ya mkokoteni wake. Mama Beryl alinisalimia kwa mikono yote miwili. Mzee Swaleh alisema nafasi ya pili ni nzuri, inamwacha mtu na kiu. Mkuu wa idara alipiga picha na kikombe kidogo tulichopewa, na sikuona sababu ya kumkumbusha lolote.

Nilifundisha miaka mingine mingi baada ya hapo. Gokati nyingi zilipita, baadhi nzuri, moja iliyokwenda kinyumenyume. Ulipofika wakati wangu, nilipewa blanketi na saa ya ukutani, nikahutubiwa na watu wanne, nikarudi nyumbani.

Miezi michache iliyopita nilikuwa naenda Mbita kumwona dada yangu, nikafika Luanda Kotieno mapema kuliko feri. Nilijua Beryl ana karakana yake pale ufukweni; anatengeneza mikokoteni ya kupandisha masanduku ya samaki na barafu kutoka kwenye boti hadi barabarani. Nikaenda kumsalimu. Nilimkuta chini ya mkokoteni, miguu tu nje, akibishana na mwenye mkokoteni aliyesimama juu yake.

"Samaki hawangoji, Mama," yule bwana alikuwa akisema. "Nipe hivyo hivyo, nitaurudisha Jumapili."

"Ukiutoa hivyo hivyo, Jumapili utaurudisha kwa mgongo," sauti kutoka chini ya mkokoteni ikajibu. "Njoo saa tisa."

Bwana yule akaondoka akinung'unika. Beryl akatoa kichwa, akaniona. Hakuinuka. Alikuwa ameshika ekseli kwa mkono mmoja na nyumba ya beringi kwa mwingine, na hapakuwa na mkono wa tatu wa kuingiza bolti.

"Mama, umekuja wakati mzuri," akasema. "Shika hapa. Hapana, chini kidogo. Hapo hapo. Usitikisike."

Nikaweka mkoba wangu mchangani, nikapiga magoti na gauni langu la safari, nikashika. Alichukua muda. Aliingiza bolti ya kwanza, akatazama, akaitoa, akapima tena, akaingiza. Feri ikafika, ikashusha watu, ikapakia watu, ikapiga honi. Niliitazama kwa pembe ya jicho tu, kwa sababu ningegeuza kichwa mkono ungesogea.

"Hiyo ni yako?" Beryl akauliza, bila kuinua macho.

"Kuna nyingine," nikamwambia.